Habari ya Kipepeo Mwenye Kichwa cha Mfu

Wasomaji wapenzi, nina deni, na leo nataka kulilipa mbele yenu. Si deni la fedha. Ni deni la maneno niliyopaswa kuyasema usiku mmoja, nami nikanyamaza.

Mimi ni mwalimu wa dini katika kijiji kimoja cha milimani, huku kwetu Kivu, mahali penye baridi, ambapo watu hulima viazi vya kizungu, maharagi na kabichi. Nilisoma seminari miaka kadhaa, kisha nikatoka, nikaoa, nikapewa kazi ya kufundisha katekisimu na kuongoza sala siku ya Mungu Padri asipoweza kufika. Watu huniita Mwalimu. Wanadhani kwamba mtu aliyesoma hana hofu. Sikilizeni basi.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa kumi na moja, wakati wa mvua, mtoto wa jirani yangu alishikwa na homa kali. Alikuwa msichana wa miaka minne. Siku ya pili akaacha kula. Siku ya tatu, jioni, hakuweza tena kusimama. Vijana wawili walikubali kumbeba usiku uleule mpaka kituo cha afya, mwendo wa saa mbili na nusu. Nami niliitwa kusali pamoja nao kabla hawajaondoka. Tulikuwa watu kama kumi katika chumba kidogo, na taa moja mezani. Tulianza rozari.

Mara kitu kikaingia mlangoni. Tulidhani ni popo. Kikazunguka taa, kikagonga ukuta, kikaanguka juu ya blanketi ya mtoto. Baba yake alitaka kukifukuza kwa kofia yake, na hapo kikalia. Ndiyo, kikalia! Sauti nyembamba, kama ya panya aliyebanwa na mtego. Mama mmoja alisogeza taa karibu, tukaona ni kipepeo mkubwa wa usiku, wale ambao wengine huwaita nondo. Mabawa yake ya juu ni meusi yenye madoa kama ya majivu. Ya chini ni ya manjano. Mwili wake ni mnene, una mistari myeusi na ya manjano kama wa nyigu. Na mgongoni, nyuma kidogo ya kichwa, tukaona sura ya fuvu la mtu, na macho yake mawili meusi.

Kipepeo alitoka mwenyewe, akapotea gizani. Ndani ya nyumba hapakuwa na mtu aliyesema neno. Kisha mzee mmoja akasema: «Basi. Mjumbe amekwisha kufika.» Vijana wale wawili wakakaa chini. Kwa nini kumchosha njiani mtoto aliyekwisha kuitwa?

Wote wakanitazama mimi. Nami nilimjua mdudu yule! Seminarini tulikuwa na kitabu cha elimu ya viumbe, na picha yake ilikuwamo. Nilikumbuka kwamba hulia, tena kwamba ni mwizi wa asali. Maneno matano yangetosha: «Ni mdudu tu, mbebeni mtoto.» Lakini baridi ilinipita mgongoni kama ilivyowapita wengine. Nikatazama rozari mkononi mwangu, nikaendelea na Salamu Maria. Nilijificha nyuma ya sala, wasomaji wapenzi, na sala haikuwekwa ili mtu ajifiche nyuma yake.

Aliyetushinda sote ni mama wa mtoto. Jogoo wa kwanza alipowika, alimfunga mtoto mgongoni, akatoka bila kumwaga mtu. Mwanamke huyu hakumaliza hata darasa la pili. Kule kituoni mganga aliona kwamba ni malaria kali, akamwambia mama: «Ungengoja mpaka jioni, ungeniletea maiti.» Mtoto alitiwa dawa ya sindano, akaongezewa damu, akapona. Leo yumo katika darasa langu la komunyo ya kwanza, na kelele zake huzidi za wote.

Mngedhani habari imekwisha hapo. Sivyo. Watu walianza kuulizana: kama mjumbe alikuja, ni nani aliyemtuma? Pembeni mwa kijiji alikaa mjane mzee ambaye watoto humwita Koko. Mume wake alimwachia mizinga sita ya nyuki, naye aliitunza mwenyewe, kazi ambayo kwetu wanawake hawaifanyi. Mtu mmoja akasema alikwisha kuwaona vipepeo wa namna ile kwake jioni, wakizunguka nyumba. Mwingine akasema alimwokota mmoja aliyekufa chini ya mzinga. Ushahidi gani tena? Usiku wa Jumamosi vijana walikwenda, wakaikata mizinga yote sita, wakaichoma moto. Kesho yake Koko akaambiwa asichote tena maji kwenye chemchemi ya wote.

Jumatatu asubuhi alikuja kwangu. Nguo yake ilinuka moshi na nta. Akaniuliza: «Mwalimu, wewe umesoma. Mdudu huyu ulimjua ama hukumjua?»

Nikajibu: «Nilimjua, Koko.»

Hakunitukana. Alisema tu: «Huyo ni mwizi wangu. Ananiibia asali tangu ujana wangu. Nilidhani hakuna anayemjua ila mimi.»

Tangu siku ile nilianza kutafuta habari za kipepeo huyu, kwa vitabu na kwa kuuliza wenye elimu. Yale niliyoyapata nawapa ninyi, ili msifanye kama nilivyofanya.

Kipepeo huyu ni wa jamaa kubwa ambayo mabingwa huiita Sphinx. Kuna aina zaidi ya 1,400 duniani, nyingi katika nchi za joto. Jina lilitoka kwa viwavi vyao. Kiwavi akishtuka huinua kichwa na kifua, akatulia kama sanamu kubwa ya Misri iitwayo Sphinx. Huyu wetu huitwa Acherontia atropos. Mabawa yake yakitandazwa hufika sentimeta 9 mpaka 13. Yuko Afrika yote yenye joto, na kila mwaka wengine huvuka jangwa na bahari mpaka Ulaya.

Mama yake hutaga mayai moja moja chini ya majani ya viazi vya kizungu, au ya tumbaku, au ya mabilingani. Kiwavi hukua mpaka hupita sentimeta 12, mnene kama kidole. Rangi yake ni ya kijani au ya manjano, au pengine kahawia. Ubavuni ana mistari ya mshazari, na karibu na mkia ana pembe iliyopinda. Wengi wenu mmekwisha kumwona wakati wa kupalilia, mkamkata kwa jembe. Hula majani mengi, lakini kwa kawaida viwavi hawa si wengi shambani, wala hawaangamizi mavuno. Akishiba, hushuka chini, hujichimbia udongoni, na huko huvaa gamba gumu la rangi ya kahawia. Humo hugeuka, hata siku moja usiku hutoka na mabawa.

Mrija wake wa kunywea ni mfupi na wenye nguvu. Wapo wa jamaa yake wenye mrija mrefu kuliko mwili wao, nao hunywa utamu wa maua wakiwa hewani. Mrija wa huyu umefaa kazi nyingine: kutoboa kifuniko cha nta na kunyonya asali. Basi huingia mzingani usiku. Nyuki elfu nyingi, kila mmoja na sumu yake, naye anapita katikati yao! Anawezaje? Ngozi yake ni ngumu na manyoya yake ni mengi. Tena mwaka 1991 mabingwa waliandika kwamba juu ya mwili wake waligundua mafuta manne yaliyo sawa na yale ya nyuki wenyewe. Nyuki hutambuana kwa harufu. Gizani yeye hunuka kama mtu wa nyumbani. Hata hivyo pengine hugunduliwa, na hapo huuawa. Ndiye yule aliyeokotwa chini ya mzinga wa Koko.

Na kile kilio? Hakitoki kwa roho ya mtu. Mnajua kinanda cha kukunjua na kukunja: ukivuta, hewa huingia na kulia, ukisukuma, hewa hutoka na kulia tena. Kipepeo huyu hufanya hivyo kwa koo lake. Huvuta hewa ndani kwa mrija, kisha huitoa kwa nguvu. Akishikwa au akisumbuliwa, hulia apate kumtisha adui. Usiku ule, aliyekuwa na hofu kuliko sisi sote ni yeye, kwa sababu alipigwa kofia.

Sasa nawaulizeni swali ambalo nilipaswa kuwauliza watu wa kijiji changu. Katika kijiji chetu, saa nne za usiku, ni nyumba gani inayowasha taa? Watu wazima wa mwili wamekwisha kulala. Taa inawaka kwa mgonjwa, kwani wanamlinda. Wadudu wa usiku huvutwa na mwanga. Ndiyo maana huyu huonekana mara nyingi penye ugonjwa na pengine penye kilio. Hakuja kwa sababu ya kifo. Alikuja kwa sababu ya taa. Nasi tulihesabu zile mara alipoingia na mtu akafa, bali zile mara alipoingia na mtu akapona hatukuzihesabu.

Na kwa Koko je? Koko alikuwa na mizinga sita, shamba la viazi mpaka mlangoni, na miche ya tumbaku nyuma ya nyumba. Huko kipepeo alipata asali ya kula na majani ya kuwalisha watoto wake. Kama ningekuwa kipepeo yule, nami ningekwenda kukaa kwa Koko. Ushahidi wote ulioletwa juu yake ulikuwa kweli: vipepeo walikuwako, na mmoja alikufa chini ya mzinga. Lakini ushahidi ule ulionyesha kwamba mama huyu ana asali. Uchawi tuliuongeza sisi.

Msiseme kwamba hofu hii ni ya watu weusi peke yao. Mwaka 1758 bingwa Linnaeus wa Sweden alipompa mdudu huyu jina, alimwita Atropos. Katika hadithi za Wayunani wa kale, huyo ni mwanamke anayekata uzi wa maisha ya watu. Waliomfuata wakaongeza Acherontia, kwa jina la mto wa wafu katika hadithi hizohizo. Katika karne ileile Mfaransa Réaumur aliandika jinsi watu wa Bretagne walivyoshikwa na hofu walipomwona, wakidhani analeta maradhi na kifo. Wazungu nao waliona fuvu mgongoni pa mdudu, wakasahau kutazama mdomo wake unaelekea wapi. Hofu haina kabila.

Lakini alikuwako mtu mmoja aliyetazama, naye alikuwa kipofu! Jina lake François Huber, wa Geneva, aliyezaliwa mwaka 1750 na kufa mwaka 1831. Alipoteza macho tangu ujana, lakini alichunguza maisha ya nyuki kwa macho ya wasaidizi wake: yeye akiuliza, wao wakitazama na kumwambia. Mwanzoni mwa karne ya 19 vipepeo hawa walifika kwa wingi kule Uswisi, na wafugaji wakakuta mizinga yao haina asali. Huber alitafuta mwizi mpaka akamjua. Kisha aliona jambo la ajabu: nyuki walijenga ukuta wa nta na gundi nyuma ya mlango wao, wakaacha matundu madogo tu, nyuki apite na kipepeo mnene asipite. Nilipozisoma habari hizo nilijionea haya. Yeye hakuwa na macho, akaona. Mimi nilikuwa na macho na kitabu, nikanyamaza.

Nikaamua kuanza na watoto. Niliwaambia watoto wa katekisimu waniletee kiwavi mwenye pembe. Siku ya tatu wakaleta wawili, wamewabeba juu ya majani, na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Tuliwaweka katika debe lenye udongo, tukawafunika kwa wavu, na kila asubuhi mtoto mmoja alileta majani mabichi ya viazi. Walikula mpaka mchana uliwasikia wakitafuna. Kisha wakazama udongoni, tukangoja. Mmoja akafa. Wa pili, baada ya majuma matatu na siku chache, alitoka jioni, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Akapanda juu ya kijiti, mabawa yakajinyosha polepole. Na mgongoni pake, ile sura.

Nilikuwa nimewaita wazazi. Walikuja wachache, wakasimama mbali. Baba wa yule msichana alikuwamo. Nikamshika kipepeo mkononi mwangu, akalia. Watu wakarudi nyuma. Yule msichana mwenyewe akaja mbele, akasema: «Mwalimu, nipe nami nimshike.» Nikampa. Akalia tena mkononi mwake, na mtoto akacheka. Baba yake alimtazama muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo: «Usiku ule ulijua hivi?»

Nikasema: «Nilijua.»

Hili lilikuwa jibu gumu kuliko lile la kwanza, kwa kuwa nilimpa mtu ambaye karibu angezika mtoto. Hakujibu. Akaondoka. Kwa mwezi mzima hakuingia nyumbani kwangu, nami sikumlaumu.

Lakini siku moja nilipita kwa Koko, nikamkuta yupo huko, anasuka mzinga wa fito. Wa pili ulikuwa umekwisha kukandikwa udongo na kuwekwa juani. Koko alikaa karibu akimwonyesha ukubwa wa mlango: «Si hivi. Punguza. Kidole changu hiki kidogo kiingie, basi. Yule mwizi ni mnene.» Hakuna aliyemfundisha habari za Huber. Nilikaa, nami nikachukua fito.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimerudi. Mizinga sita iliteketea, na leo Koko ana mitatu. Anachota maji kwenye chemchemi, lakini wako wanaongoja aondoke kwanza. Wale vijana waliochoma, mmoja tu alikuja kuomba msamaha. Moto huwaka usiku mmoja, bali kujenga tena ni kazi ya miaka.

Mwaka 2022 mabingwa walitangaza kazi waliyoifanya Ujerumani. Waliwafunga vipepeo 14 wa namna hii chombo kidogo chenye kutoa alama za redio, wakawafuata usiku kwa ndege. Mmoja walimfuata zaidi ya kilometa 80 katika usiku mmoja, akielekea milima ya Alps na kusini. Upepo ulipompinga, alishuka karibu na ardhi, ulipomsaidia, alipanda, na njia yake ikabaki imenyoka. Mdudu wa gramu chache tu anajua anakokwenda gizani, katika safari ambayo huweza kuwa ya maelfu ya kilometa. Naliambia darasa langu: huyu ndiye tuliyemwita mjumbe wa kifo, na kumbe ni msafiri mwenye njaa, aliyeumbwa na Mungu kama ninyi.

Wasomaji wapenzi, kipepeo huyu akiingia nyumbani mwenu usiku, fungueni mlango, sogezeni taa nje, naye atatoka. Akilia, mwacheni alie. Lakini kama ndani yumo mtoto mwenye homa, msikae kumtazama kipepeo. Mtoto hatauawa na sura iliyo mgongoni pa mdudu. Atauawa na saa mlizokaa. Mbebeni usiku uleule, na sala mtaisali njiani.

Na wewe uliyesoma kidogo, uliye mwalimu, muuguzi au mwanafunzi, siku ile watu watakapokutazama, usitazame mkono wako. Sema lile unalolijua, hata sauti yako ikitetemeka. Yangu ilichelewa, na mizinga sita ikaungua.